Presha ambayo kipimo cha mkononi hakiioni

(Hotuba niliyoitoa mbele ya wagonjwa, ndugu zao na wahudumu wa afya. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, ila vikohozi nimeviacha.)

Mabibi na mabwana, wenzangu wa makoti meupe, na hasa ninyi mliofika ukumbini mkipumzika kila baada ya hatua kumi: nimewaona mkipanda, na asanteni kwa kuja.

Miaka kadhaa iliyopita dada mmoja wa miaka 34 alikaa mbele yangu na daftari la kliniki lililochakaa pembe. Presha yake ilikuwa imeandikwa humo mara nyingi: 118/76, 120/78, 116/74. Pembeni ya kila namba mtu ameandika “nzuri”. Na ilikuwa nzuri kweli, hakuna aliyedanganya. Ila dada huyu alikuwa akifika ngazi ya tatu anafungua mkoba na kujifanya anatafuta funguo, ili watu wasijue kuwa anatafuta pumzi. Alishaambiwa ana pumu akapewa dawa ya kuvuta. Akaambiwa damu imepungua akapewa vidonge vya chuma. Mwisho akaambiwa ana mawazo mengi, apumzike. Siku aliyoanguka akizimia huku anatandika kitanda, ndipo mtu akamwekea kipimo cha eko, ile picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Upande wa kulia wa moyo ulikuwa umetanuka hadi umeusukuma wa kushoto ukutani. Alikuwa na presha ya mapafu.

Mdogo wake wa kike ndiye aliyemsindikiza. Alisikiliza maelezo yangu yote bila kusema neno. Tulipokuwa tunaagana akabaki mlangoni, akaniambia, “Daktari, mama yetu naye alikufa akihema hivihivi. Je, na mimi?”

Leo nimekuja kulijibu swali lile. Siku ile nililijibu kwa dakika tano, na nikalijibu vibaya.

Kwanza tuelewane tunazungumzia presha ipi. Moyo ni pampu mbili zilizoshikana. Ya kushoto inasukuma damu mwili mzima, kuanzia ubongo hadi kisigino, na presha yake ndiyo mnayopimwa mkononi kwa ule mkanda unaobana. Ya kulia inasukuma damu kwenda mapafuni tu, kuchukua hewa. Damu inayopita pande zote mbili ni ileile na kiasi ni kilekile, kama lita 5 kwa dakika ukiwa umetulia. Ila mishipa ya mapafu ni laini na ina nafasi, kwa hiyo presha ya huko ni ndogo mno: wastani wake kwa mtu mzima mwenye afya ni karibu milimita 14 za zebaki, wakati wastani wa upande wa mwili unakaribia 90. Ndiyo maana ukuta wa moyo upande wa kulia ni mwembamba. Haukuumbwa kwa kazi nzito.

Wastani wa presha ya mapafu ukizidi 20 mtu akiwa amepumzika, hapo tunasema ipo juu. Zamani mpaka ulikuwa 25. Mwaka 2018 wataalamu wakaushusha. Mtu aliyelala na presha ya 22 akiwa mzima akaamka mgonjwa, kwa kalamu tu. Mnacheka, lakini kalamu ile ilikuwa na haki: waliokuwa kati ya 20 na 25 walishaonekana wanafanya vibaya kuliko wengine, na tulikuwa tunawarudisha nyumbani. Kuipima kwa uhakika kunataka mrija mwembamba upitishwe kwenye mshipa wa shingo au wa paja mpaka ndani ya moyo na kuendelea hadi mapafuni. Eko inakisia vizuri, mrija ndio unaothibitisha. Ule mkanda wa mkononi hauna habari yoyote ya huko. Unaweza kuuvaa kila asubuhi kwa miaka kumi, ukaandikiwa “nzuri” kila siku, na mapafu yakawa yanaungua.

Presha hii ina makundi matano, na mengi yake sitayagusa leo. Lililo kubwa kuliko yote hutokana na moyo wa kushoto kuchoka na kurudisha mzigo nyuma. Lingine hutokana na mapafu yenyewe kuharibika, lingine na mabonge ya damu yaliyoganda yakabaki humo. Kila moja lina tiba yake, na kuwapa watu wa makundi haya dawa za kundi la kwanza kunaweza kuwadhuru, kwa hiyo asitoke mtu hapa akaomba dawa ya jirani. Mimi nabaki kwenye kundi la kwanza, ambamo ugonjwa unaanzia kwenye ateri ndogo za mapafu zenyewe, ile mishipa inayoingiza damu mapafuni. Ni ugonjwa adimu. Lakini adimu akiwa amekaa kiti cha pili kutoka kwako, hesabu haikusaidii.

Wagonjwa wengi huniuliza kama wameziba mishipa kwa mafuta au kwa chumvi. Hapana. Chumvi tunaikataza kwa sababu miguu inavimba, si kwa sababu ndiyo iliyoleta ugonjwa. Kinachoziba ni ukuta wa mshipa wenyewe. Seli za ukuta zinaongezeka na kukataa kufa muda wao ukifika. Tabaka la misuli linanenepa, na lile tabaka laini la ndani linavimba mpaka njia inabaki tundu. Waliowahi kuitazama mishipa hii kwenye hadubini wanajua sura yake: badala ya pete yenye uwazi katikati, unaona kitunguu kilichokatwa. Moyo wa kulia unalazimishwa kusukuma lita zilezile kupitia vitunguu hivyo. Unaanza kujenga misuli, kisha unatanuka, kisha unachoka. Kuhema, kuzimia na miguu kuvimba ni sauti ya moyo ule, na kwa kawaida sauti hiyo hutoka wakati mishipa mingi imeshaharibika.

Sasa, ni nani aliyeziambia seli ziongezeke? Hapa ndipo ukoo unapoingia.

Madaktari walikuwa wameziona familia hizi tangu miaka ya 1950: mama, kisha binti, kisha binti wa dada, wote kwa ugonjwa uleule. Iliwachukua watafiti nusu karne kuijua jeni yenyewe, yaani yale maelekezo ya kurithi yaliyo ndani ya seli. Mwaka 2000 timu mbili, kila moja kwa njia yake, zilifika mahali pamoja: kromosomu namba 2, kwenye jeni inayoitwa BMPR2. Jina halina ladha, nisameheni. Kazi yake ndiyo muhimu. Jeni hii inatengeneza kipokezi kinachokaa juu ya seli na kusubiri ujumbe fulani. Ujumbe ukifika, seli ya ukuta wa mshipa inaambiwa itulie, isizaliane ovyo. Kwa lugha ya barabarani, ni breki. Na kwenye seli zilezile kuna ujumbe mwingine, wa protini zinazoitwa aktivini, unaosema kua, jenga, ongeza. Ukiwa mzima, mguu mmoja uko kwenye breki na mwingine kwenye pedali ya mafuta, na gari linakwenda taratibu.

Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja ikiharibika, breki inafanya kazi nusunusu. Na mwenye nakala mbovu humpa kila mtoto wake kwa nafasi ya nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu, na sarafu hiyo inarushwa upya kwa kila mimba. Aliyepata watoto wawili wazima hajamaliza bahati yake, wala hajaikopa.

Siku ile pale mlangoni niliishia hapa. Nilimwambia yule mdogo mtu: uwezekano wako ni nusu. Akaondoka akiamini ana nusu ya uwezekano wa kufa kama mama yake. Na hilo si kweli.

Kuwa na jeni si kuwa na ugonjwa. Familia zenye BMPR2 mbovu zimefuatiliwa kwa miongo mingi, na katika wanawake wenye jeni hiyo ni kama 42 kwa 100 wanaougua. Katika wanaume ni kama 14 kwa 100. Maana yake zaidi ya nusu ya wanawake na wanaume wengi sana hubeba breki mbovu maisha yao yote na kufa kwa mambo mengine, wakiwa wazee, bila kujua. Kwa mdogo mtu yule hesabu sahihi ilikuwa nusu ya 42, yaani kama 21 kwa 100, kabla hata ya kumpima. Bado si ndogo. Lakini 21 na 50 ni nchi mbili tofauti, na mimi nilimlaza usingizi wa nchi isiyo yake kwa muda wa miezi mitatu. Alirudi akiwa amekonda.

Hili ndilo linalofanya ugonjwa uonekane unaruka. Babu mwenye afya ya chuma anampa jeni binti yake, binti anaugua akiwa na miaka 30, na watu wanaapa kwamba upande wa babu hauna ugonjwa huo. Upande wa babu unao. Babu ndiye hakuugua. Kwa nini wanawake zaidi, bado tunabishana, na homoni za kike zina mkono wao. Ajabu yake ni kwamba mwanaume akiugua, mara nyingi hali yake huwa mbaya kuliko ya mwanamke.

Kuna jambo moja nataka kulifuta kabisa, kwa sababu bado nalisikia. Ilisemwa kwa muda mrefu kwamba katika familia hizi kila kizazi kinaugua mapema kuliko kilichotangulia: bibi akiwa na 60, mama 40, mtoto 20. Wazazi waliishi kwa hofu ya hesabu hiyo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012, baada ya familia kufuatiliwa muda mrefu zaidi, uliitia shaka kubwa. Ulikuwa udanganyifu wa muda. Ukitazama kizazi cha wajukuu leo, unawaona tu wale walioanza kuugua wakiwa vijana, kwa sababu watakaougua uzeeni bado hawajazeeka. Subiri, na picha inajisawazisha yenyewe.

BMPR2 inapatikana kwa takribani familia tatu kati ya nne zenye ugonjwa huu. Lakini inapatikana pia kwa watu kama 10 hadi 20 katika kila 100 ambao kwenye faili tumewaandikia “sababu haijulikani”. Wengine hao jeni iliharibikia kwao wenyewe, hawakurithi kwa mtu. Wengine walirithi, ila hakuna aliyewauliza vizuri. Wenzangu wa makoti meupe, tusikilizane hapa. Ukimwuliza mtu, “Kwenu kuna mwenye presha ya mapafu?” atakujibu hapana, na atakuwa mkweli, kwa sababu hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo. Uliza nani alikufa kijana akihema. Uliza nani aliambiwa ana pumu na dawa za pumu zikakataa. Uliza nani alianguka akafa ghafla, au alifariki siku chache baada ya kujifungua. Halafu uliza swali linaloonekana halihusiani: nani nyumbani anatokwa damu puani mara kwa mara, tangu utotoni? Kuna jeni nyingine mbili za njia ileile ya breki, ACVRL1 na ENG, ambazo hufanya mishipa midogo kuwa dhaifu na kuvuja. Mjomba wa damu za puani na mpwa wa kuhema wanaweza kuwa na ugonjwa mmoja.

Zipo nyingine, na orodha inakua: KCNK3, SOX17, TBX4 ambayo hujitokeza zaidi kwa watoto. Itoshe kuzitaja, isipokuwa moja. EIF2AK4 haifuati utaratibu wa nusu kwa nusu. Lazima nakala zote mbili ziwe mbovu, hivyo baba na mama wote wazima kabisa wanaweza kuzaa watoto wawili wagonjwa. Ugonjwa wake unashika zaidi vena ndogo za mapafu, upande wa kutokea damu. Ukimpa mgonjwa wa namna hii dawa za kawaida za kutanua ateri, mapafu yanaweza kujaa maji, kwani umefungua mlango wa kuingilia ilhali wa kutokea umefungwa. Hapa jina la jeni linabadilisha mkono wa daktari siku hiyohiyo.

Sasa niwalete kwa mgonjwa mwingine kabisa.

Mama wa miaka 61. Kwao hakuna aliyewahi kufa akihema, watoto wake wazima, wazazi wake waliishi hadi kuzeeka. Alikuja kwa sababu ya pete. Pete ya ndoa haikuwa inatoka tena, na alitaka nimwandikie kwa mtu wa kuikata. Nilipomshika mkono nikaona ngozi ya vidole imekaza na kung’aa, kama imevutwa kwa nyuma. Akaniambia vidole vyake vikishika kitu cha baridi vinakuwa vyeupe, kisha vya buluu, kisha vinarudi vyekundu kwa maumivu, na hilo lina miaka zaidi ya kumi. Kwenye midomo na viganja alikuwa na vidoa vyekundu vidogo, vya mishipa iliyotanuka. Nikamwuliza kuhusu pumzi. Akacheka. “Mwanangu, nimezeeka tu.”

Hakuwa amezeeka tu. Alikuwa na skleroderma, mojawapo ya magonjwa ambayo kinga ya mwili inageuka kumshambulia mwenye nyumba. Kinga yetu ni mlinzi, na mlinzi anatakiwa kuwajua wa ndani na wa nje. Katika magonjwa haya anatengeneza kingamwili, silaha zake, dhidi ya seli za mwili wenyewe. Takribani mtu 1 katika kila 10 wenye skleroderma hupata presha ya mapafu ya kundi hili la kwanza. Si ajali kubwa inayotokea siku moja. Mara nyingi huja baada ya miaka mingi, kwa wale ambao ngozi yao haikukaza sana na walidhani wamepata nafuu. Kingamwili fulani zinazolenga sentromia, ile sehemu ya kati ya kromosomu, hutuonya mapema. Vilevile kipimo kinachoonyesha jinsi hewa inavyovuka kutoka pafuni kuingia kwenye damu: kikishuka huku ukubwa wa pafu uko sawa, ujue tatizo liko kwenye mishipa. Kwa hiyo mwenye skleroderma anatakiwa apimwe kila mwaka hata kama anajisikia mzima. Yule mama alikuwa na miaka kumi ya vidole vyeupe na hakuwahi kuwekewa eko hata moja.

Lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kumshambulia mwenye nyumba, nayo inafanya hivi, hasa kwa wanawake vijana, na ule ugonjwa mchanganyiko wa tishu unganishi. Ule wa kukausha macho na mdomo pia, mara chache zaidi. Magonjwa ya tezi ya shingo yanayoletwa na kinga tunayakuta kwa wagonjwa wa presha ya mapafu mara nyingi kupita bahati tu. Lakini kuna tofauti moja inayopaswa kujulikana na kila anayetibu. Presha ya mapafu ya lupasi, na ya ule ugonjwa mchanganyiko, ikikamatwa mapema inaweza kurudi nyuma kwa dawa za kutuliza kinga, wakati mwingine kwa kiasi cha kushangaza. Ya skleroderma haikubali. Kwa nini, sina jibu fupi la kuwapa. Ila ukimkuta binti mwenye lupasi anahema, usimwandikie dawa za mishipa peke yake ukaridhika.

Mpaka hapa inaonekana nimewaletea magonjwa mawili: la ukoo na la kinga. Nilifundishwa hivyo, na vitabu bado vinaviweka kwenye mistari tofauti. Mimi nadhani mistari hiyo inatupotosha.

Tazama mishipa ya wale wa ukoo kwenye hadubini. Pembeni ya kile kitunguu utakuta askari wa kinga wamejikusanya, limfosaiti na wenzao, wakati mwingine wamejenga kambi kamili. Hawana lupasi, hawana skleroderma, lakini kinga iko pale. Halafu rudi kwa wale wa kinga. Ukiwapima jeni, ni nadra kuikuta BMPR2 mbovu. Jeni yao ni nzima. Lakini moto wa kinga unapowaka kwenye ukuta wa mshipa, seli zinapunguza vipokezi vile vya breki. Na breki ikipungua, moto unawaka zaidi, kwa sababu breki hiyohiyo ndiyo inayosaidia kuuzima. Mmoja amezaliwa na breki nusu kisha kinga ikafika. Mwingine kinga ilianza ikaila breki iliyokuwa nzima. Wanakutana kwenye mshipa uleule.

Mwaka 2019 ilichapishwa kazi kubwa iliyopekua vinasaba vya wagonjwa zaidi ya 2,000 ambao wengi wao hawakuwa na ugonjwa wowote wa kinga. Sehemu moja iliyojitokeza ilikuwa jirani na SOX17, jeni ya mishipa, jambo lililotarajiwa. Nyingine ilikuwa kwenye HLA, zile jeni ambazo kinga huzitumia kama vitambulisho vya uraia, kujua huyu wa kwetu na yule si wetu. Na waliokuwa na aina moja ya kitambulisho hicho waliishi takribani mara mbili ya wenye aina nyingine tangu ugonjwa ugunduliwe: kama miaka 13 na nusu dhidi ya 7. Jeni ya kinga, kwa watu tuliowaita wagonjwa wa mishipa. Nilipoisoma nilimkumbuka yule mama wa pete.

Lakini hata breki mbovu na kinga yenye hasira mara nyingi havitoshi peke yake. Kitu cha tatu kinasukuma. Miaka ya 1960 dawa ya kupunguza uzito iitwayo aminoreksi iliuzwa Uswisi, Austria na Ujerumani, na ghafla kliniki zikajaa watu wenye presha ya mapafu. Ilipoondolewa, wimbi likashuka. Somo halikushika: fenflurameni nayo ikaja, ikaondolewa sokoni mwaka 1997. Lakini waliomeza walikuwa wengi mno na walioumwa wachache, na kwa baadhi ya walioumwa ilikutwa BMPR2 mbovu. Mwaka 1981 nchini Hispania mafuta ya kupikia yaliyochafuliwa yaliumiza maelfu, na baadhi yao mapafu yao yakaingia presha hii. Siku ya kimataifa ya ugonjwa wetu, tarehe 5 Mei, inatokana na mkasa huo. Ongeza VVU, ambapo kama mtu 1 kati ya 200 wenye virusi huupata, ongeza kichocho kilichofika kwenye ini, na dawa za kulevya za aina ya methamfetamini. Kwa hiyo dawa za kupunguza mwili zinazouzwa bila maelezo, mwenye historia ya ukoo asiziguse hata kwa kuonja.

Na tiba? Katika miaka ya 1980 nusu ya wagonjwa walikuwa wamefariki kabla ya miaka 3 kutimia. Mwaka 1995 ikaja dawa ya kwanza, ya kuingizwa kwenye mshipa usiku na mchana kwa pampu isiyotakiwa kuzimika. Zikafuata za vidonge. Zote zilikuwa za kutanua njia iliyobaki, hakuna iliyogusa pedali ya mafuta wala breki. Ndipo mwaka 2024 Marekani ikaidhinisha sotatasepti, sindano ya chini ya ngozi kila baada ya wiki 3. Hii inazinasa zile aktivini zenye kusema kua, ongeza, kabla hazijaifikia seli. Yaani haikazi breki. Inatoa mguu kwenye pedali ya mafuta. Kutoka jeni ya mwaka 2000 hadi sindano hii ni miaka 24.

Kwenye jaribio lake kuu, waliochomwa dawa waliongeza kama mita 40 katika kipimo cha kutembea dakika 6, kuliko waliochomwa maji. Wapo watakaosema mita 40 ni nini. Njooni siku moja kwenye korido yetu. Kuna koni mbili, moja kila mwisho, mita 30 katikati, na muuguzi mwenye saa haruhusiwi kusema chochote zaidi ya maneno yaliyopangwa, kama “unaendelea vizuri”. Mtu anatembea, anazunguka koni, anarudi, na dakika ya nne unamwona anatazama ukuta wapi ataegemea. Mita 40 ni kuipita koni aliyozoea kusimama. Ila haiponyi, na ina visa vyake: damu huongezeka wingi na kuwa nzito, pua hutokwa damu. Na wanaoihitaji ni wengi kuliko wanaoipata.

Watu hunishika mkono nikitoka kuuliza kama wapime jeni. Kwa aliyekwisha kuugua bila sababu nyingine, nasema ndiyo, kwa sababu jibu lake ni ramani kwa wengine nyumbani. Kwa ndugu aliye mzima ni uamuzi wake, si wa kaka mkubwa wala wa daktari, na kabla ya damu kutolewa yafaa akae na mtu anayejua kueleza majibu. Kuna majibu ya aina tatu: ipo, haipo, na ile inayotuudhi sote, ipo tofauti lakini hatujui kama ina madhara. Jeni ikiwa ilishajulikana kwa mgonjwa na ndugu akakutwa hana, anaachiwa. Yeye na watoto wake hawana haja ya kufuatiliwa kwa hilo. Akikutwa nayo, anapimwa kila mwaka. Katika kundi moja la wabebaji wazima waliofuatiliwa, kwa mwaka waligundulika kama 2 kwa 100, na waligundulika mapema, wengi kabla ngazi hazijaanza kuwashinda. Wanawake wenye ugonjwa wenyewe tunawaomba waongee nasi kuhusu mimba kabla, si baada, kwa kuwa mimba bado ni hatari kubwa kwao.

Yule mdogo mtu alipima. Alichukua mwaka mzima kuamua. Jibu lilikuja: anayo, ileile ya dada yake. Sasa ni mwaka wa saba, na moyo wake wa kulia ni mdogo na mwembamba kama unavyotakiwa kuwa. Dada yake anaishi na dawa tatu, na mkoba haufungui tena kwenye ngazi ya tatu. Anaufungua kwenye ya kumi na mbili, na sasa anasema wazi kwamba anapumzika.

Mwaka huu mdogo mtu alikuja na mwanawe wa miaka 12. Hajamwambia. Kijana alisimama pembeni ya kitanda akitazama picha ya moyo wa mama yake ikidunda kwenye kioo, akaniuliza kile kinachofunguka na kufunga ni nini. Nikamwambia ni vali. Akauliza, “Na wangu unafanya hivyohivyo?” Mama yake akanitazama. Nikamwambia apande kitandani, tuutazame.

Naona mikono imeshanyooshwa. Tuanze na mama wa kule nyuma, mwenye kipumio.